Kichwa cha Bwana Pasi

Kinyozi ndiye aliyeona kwanza. Bwana Pasi alikuwa amekaa kitini, kitambaa shingoni, macho yamefumba nusu kwa raha ya mashine inayopita kisogoni, mara mashine ikanyamaza. Akadhani umeme umekatika. Alipofumbua macho aliona feni bado inazunguka, na kwenye kioo akamwona kinyozi ameinama, anachungulia nyuma ya kichwa chake kama fundi anayetafuta tairi linavujia wapi.

"Kaka, huku nyuma una nini?"

"Wapi?"

"Hapa." Hakumgusa. Alionyesha kwa ncha ya kitana. "Ningesema mapunye, lakini si mapunye. Ngozi imekuwa nene. Juu nyeupe, chini imeiva kama kidonda."

"Mba hiyo," alisema Bwana Pasi. "Mvuke wa kazini unakausha."

Kinyozi akasema ndiyo, huenda ni mba. Kisha akaifuta mashine kwa spiriti, akaifuta tena, akaitazama, akasema samahani sana, imeanza kupata moto, haifai kumalizia. Bwana Pasi akatoka na kichwa kilichonyolewa upande mmoja, kofia imeshuka mpaka masikioni. Alipogeuka barabarani aliona dirishani mashine ileile inamnyoa mteja aliyekuwa akisubiri. Hakukasirika. Au tuseme hasira ilikuja, ikabisha hodi, ikakuta hakuna mtu, ikaondoka zake.

Wakati huo alikuwa amevuka arobaini. Alifanya kazi kwa dobi mkubwa nyuma ya mtaa wa maduka, upande wa suti, na jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Wateja na wenzake wote walimwita Bwana Pasi. Siku nzima alisimama mbele ya mashine ya mvuke: kola kwanza, mabega, mikono, mgongo mwisho. Mguu wa kulia kwenye pedali, mvuke usoni. Hakuwa mtu wa maneno. Mwanawe wa pekee alikuwa ameshaoa na kuhamia mji mwingine, na nyumbani walibaki yeye na mkewe, ambaye alilea watoto wadogo katika shule ya chekechea. Mtaa mzima walimwita Mwalimu, ingawa kazi yake hasa ilikuwa kufunga kamba za viatu na kufuta makamasi.

Mwalimu alipomwona na kichwa cha nusunusu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akachukua mkasi.

"Kaa hapo."

Akakaa kwenye stuli ndogo karibu na dirisha la jikoni, taulo mabegani. Mkewe akakata nywele zilizobaki, akafika kwenye lile baka, akasimamisha mkasi. Baka lilikuwa na ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda, limeinuka, na alipolikwangua kidogo kwa ukucha, magamba meupe yalidondoka kwenye taulo.

"Linauma?"

"Linawasha."

"Tangu lini?"

"Sijui. Muda."

"Muda! Mtu ana kitu kama hiki kichwani, na mimi nalala naye kitanda kimoja, ananiambia muda." Akampiga kofi la begani, la mapenzi. "Haya. Tutalitoa hili."

Hivyo ndivyo dawa zilivyoanza.

Ya kwanza ilikuwa ya fangasi, ya duka la dawa la kona. Walipaka asubuhi na jioni mpaka tyubu ikakunjwa kama karatasi ya peremende, na baka likakaa palepale, likazaa jingine juu ya sikio. Zikafuata shampuu za mba. Ya kijani, ya bluu, na moja ya njano yenye picha ya mwanamume anayetabasamu huku nywele zimejaa kichwani. Kila moja ilileta nafuu kwa siku chache, kisha kichwa kikakaza na kuwasha upya, na asubuhi mto ulikuwa kama mtu amepepeta unga juu yake. Mwalimu aliukung'uta dirishani kabla majirani hawajaamka.

Halafu akaja shemeji, kaka yake Mwalimu, muuza vipuri vya pikipiki, mtu ambaye hakuwahi kukutana na ugonjwa asiokuwa na dawa yake. Aliingia, akavua kofia ya shemeji yake bila kuomba ruhusa, akaguna.

"Damu chafu hii, shemeji. Nimeiona kwa watu wengi."

"Watu gani?" Mwalimu akauliza.

"Watu. Unataka nikutajie majina?"

Shemeji akaleta majani ya mshubiri, wakapaka ute wake, kichwa kikawa kinanata hata nzi wakakipenda. Akaleta siki, na Bwana Pasi akanukia kachumbari kazini wiki nzima. Mwisho akaleta chupa isiyo na karatasi, ya mafuta meusi. Aliinunua kwa mtu aliyekuwa akipita mitaani na gari lenye kipaza sauti, ambaye dawa yake ilitibu kichwa, mgongo, biashara na ndoa.

Ile chupa ilimchoma. Waliipaka baada ya chakula cha jioni, na Mwalimu alikuwa hajaosha mikono vizuri alipoona masikio ya mumewe yamebadilika rangi.

"Inawaka?"

"Kidogo."

"Kidogo vipi?"

"Kama pasi," alisema Bwana Pasi, kwa sauti ileile ambayo angeombea chumvi.

Mkewe akamburuta mpaka bombani, akamfungulia maji, akamsugua kwa sabuni ya kufulia huku analia na kumtukana kaka yake kwa matusi ambayo watoto wa chekechea wasingeamini. Bwana Pasi aliinama chini ya bomba, akaangalia maji meusi yakizunguka na kuingia kwenye tundu. Maumivu yalikuwepo, aliyajua, lakini yalikuwa kama kelele za chumba cha jirani. Keshoye ngozi ilichubuka mpaka karibu na paji la uso, ikatunga usaha, na zahanati wakampa dozi ya vidonge vya kuua vijidudu na kumkaripia. Alijikaza kisabuni, akaenda kazini na kitambaa kichwani. Shemeji hakuonekana nyumbani kwao kwa muda mrefu.

Lakini Mwalimu hakukata tamaa. Alikuwa na tabia ya kazini kwake: mtoto akikataa hiki unampa kile, akikataa kile unamwimbia. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, aliita, "Baba, njoo," naye Bwana Pasi akaja, akakaa kwenye stuli, akainamisha kichwa. Mkewe aligawa nywele mstari kwa mstari kwa ncha ya kitana, akapaka chochote kilichokuwa zamu yake. Na huku anapaka, anasimulia. Alisimulia habari za watoto wa darasani. Kulikuwa na mmoja aliyeng'ata wenzake, aliyeitwa Meno. Kulikuwa na pacha waliobadilishana mabegi ili kila mmoja afinywe kwa kosa la mwenziwe. Na kulikuwa na mtoto wa kike aliyefika akiwa na miaka mitatu na hakusema neno lolote, si kwa walezi wala kwa watoto, ingawa mama yake aliapa kwamba nyumbani anaongea kama redio. Huyo walimpa jina la Kimya.

Bwana Pasi alikuwa akitazama vigae vya sakafu na kusema "mm".

Ikaja shampuu ya lami. Muuza dawa alisema ni dawa ya zamani, wazee wameitumia, inasaidia. Ilisaidia, tuwe wakweli, magamba yalipungua. Lakini harufu yake! Jirani alibisha mlango kuuliza kama barabara inatengenezwa upande wa nyuma. Mito ilipata madoa ya kahawia yasiyotoka, na aibu ya dobi ni kulala kwenye mto wenye madoa. Kazini walimhamishia kabati lake la nguo karibu na choo. Walifanya hivyo kwa upole, huku wakimtania. Yeye akahama.

Halafu ikaja ile krimu. Muuzaji wa duka jingine la dawa aliinong'ona kama siri: paka hii, utanishukuru. Kweli, hazikupita wiki mbili, kichwa kikawa laini. Mabaka yakatoweka kama hayajawahi kuwepo. Mwalimu alimpigia simu mtoto wao, akampigia hata kaka yake, akamsamehe. Bwana Pasi alijipapasa kisogo akakuta ngozi laini, akasubiri furaha. Ilichelewa. Akasema moyoni, itakuja, labda iko njiani.

Hakuna aliyewaambia kwamba krimu kali ya aina ile ina muda wake, na kwamba haiachwi ghafla. Walipaka miezi na miezi. Ngozi ya juu ya masikio ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, mishipa inaonekana. Mwalimu akaogopa, akaitupa tyubu jalalani, na baada ya muda mfupi ugonjwa ukarudi na ukoo wake wote. Safari hii ulishika kichwa kizima kama kofia, ukashuka mpaka kwenye paji la uso, ukatokea viwikoni, na kucha za mikono zikaingia vitobo vidogo kana kwamba mtu amezidunga sindano mojamoja.

Siku ambayo watu kwa dobi wanaikumbuka ilikuwa ndani ya kipindi hicho. Mwanamke mmoja aliyefiwa na mume alileta suti nyeusi ya marehemu, ile atakayovishwa kuzikwa. Bwana Pasi aliishughulikia mwenyewe, na kwa kuwa dada wa kaunta alikuwa ametoka, akaipeleka mbele mwenyewe na kuitundika. Mjane aliitazama. Akanyoosha mkono, akapangusa bega la kulia. Akapangusa tena. Vipande vyeupe vilikuwa vimetanda pale juu, vingine kwenye kola, na kila Bwana Pasi alivyoinama kumsaidia, vingine vilidondoka kutoka kichwani kwake. Yule mama alipangusa tu, taratibu, kwa kiganja, kama anampangusa mtu aliyevaa. Kisha akaichukua suti, akasema asante, akaenda.

Bosi alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi na aliona yote.

"Bwana Pasi," alisema baadaye, anaangalia kalamu yake. "Kuanzia kesho utakwenda upande wa mashuka. Si adhabu."

"Sawa."

"Unanielewa? Kule ni meupe. Hata kikidondoka kitu..."

"Nimeelewa, bosi."

Wenzake wakamtania kwamba amepandishwa cheo, sasa anafanya kazi hotelini. Alicheka pamoja nao. Akaanza kupiga pasi mashuka ya hoteli na mapazia ya zahanati, mita kwa mita ya weupe usio na kola wala bega, na akagundua kwamba kazi ile ilimfaa kwa namna ya ajabu. Haikumtaka kuwepo. Mashuka yaliingia upande huu yakatokea upande ule, na siku ikawa imekwisha. Nyumbani hakusema kwamba amehamishwa. Mwalimu alikuja kulisikia kwa dada wa kaunta, sokoni, akarudi ameshika kikapu kitupu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kazi ni ileile."

"Si ileile."

"Pasi ni pasi, mama."

Mkewe akamtazama kwa muda, kama anayemtazama mtoto anayesema hajaanguka na huku goti linatoka damu. Jioni ile alimpaka mafuta ya kawaida tu, ya kulainisha, kwa sababu dawa zote zilikuwa zimekwisha. Akasimulia kwamba Meno ameng'atwa na mtoto mgeni na amelia kuliko wote aliowahi kuwang'ata yeye. Mikono yake ilikwenda polepole kuliko kawaida. "Mm," alisema Bwana Pasi.

Safari ya kwenda kwa daktari wa ngozi aliipanga Mwalimu bila kumuuliza. Ilikuwa hospitali kubwa, mbali, mwendo wa nusu siku, na benchi lilijaa watu waliojifunika: huyu mikono, yule shingo, yule uso. Bwana Pasi alivua kofia kwa sababu kila mtu pale alikuwa na lake. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Alikipapasa kichwa kwa vidole vyake, bila kusitasita, akatazama viwiko, akashika mkono na kugeuza kucha kwenye mwanga.

"Soriasisi," alisema. "Hujaipata kwa mtu na huwezi kumpa mtu. Si uchafu. Ni kinga ya mwili wako yenyewe imechanganyikiwa, inaiharakisha ngozi. Ngozi inaota kabla ile ya zamani haijaondoka, inarundikana."

"Inapona?" Mwalimu akauliza.

"Inatulizwa. Inaweza kutulia miaka. Inaweza kurudi."

Mwalimu akafunika mdomo. Kisha yakamtoka yote kwa mkupuo: kinyozi, shampuu, mshubiri, chupa nyeusi, lami, krimu, mashuka. Miaka yote ile, na jina lenyewe halikuchukua hata dakika. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamgeukia mgonjwa.

"Na wewe una swali?"

Bwana Pasi alifikiri. "Naweza kuoga maji ya moto?"

"Ya vuguvugu. Unajisikiaje?"

"Kinawasha. Na kukaza."

"Sijauliza kichwa. Nimekuuliza wewe."

Akalitafuta jibu. Alilitafuta kweli, kama mtu anayepekua mifuko yote ya koti, na mifuko ikawa mitupu. "Mimi niko sawa," alisema. Daktari akaendelea kumtazama kidogo, kisha akavaa miwani.

Alimpa mafuta ya kulainisha magamba, ya kupaka jioni na kuvaa kofia ya nailoni, na losheni ya kupaka kwa vipindi, wiki hizi ndiyo, wiki zile hapana, si kama ile krimu ya kunong'onezana. Na kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umefika kwenye kucha na viwiko, baada ya vipimo vya damu akamwandikia vidonge vya kumeza mara moja tu kwa wiki. Alirudia hilo kama anayemwambia mtoto habari za moto: siku moja kwa wiki, siku ileile, si kila siku, utajiua, na pombe hakuna, na damu lazima ipimwe kila mara. Mwalimu alichagua Jumatano. Jumatano alikipeleka kidonge mwenyewe mpaka mdomoni kwa mumewe, pamoja na glasi ya maji, na kusubiri ameze.

Miezi ya kwanza kulikuwa na kichefuchefu. Kila Alhamisi Bwana Pasi alisimama mbele ya mashuka akiwa na ladha ya chuma mdomoni. Jioni alikaa kwenye stuli na kofia ya nailoni, kichwa kinang'aa kama chungwa, na Mwalimu alicheka naye alicheka pia, kwa sababu kulikuwa na kichekesho kweli. Magamba yakaanza kutoka kwa vipande vikubwa, kisha vidogo, kisha unga, kisha hakukuwa na kitu. Kucha zikaota upya kutoka shinani, laini. Mvua zilipokwisha, kichwa chake kilikuwa safi.

Shemeji akaja kukagua. "Ile ya kwangu ilikuwa inafanya kazi polepole," alisema. Mwalimu akamrushia kitambaa cha vyombo.

Bosi naye akamwita, akamrudisha kwenye suti. Na Bwana Pasi akaenda kwa kinyozi, kijana mwingine, mtaa mwingine, ambaye alimnyoa kichwa kizima huku anaongea na simu, akapitisha kiganja kisogoni kuondoa nywele, akasema, "Tayari, mzee." Ndiyo hivyo tu. Bwana Pasi akabaki kitini kidogo kuliko ilivyotakiwa, anajitazama kwenye kioo. Alikuwa amefikiri kwamba siku hii ikifika atalia, au atanunua kitu, au atapiga kelele. Alijiona mwanamume aliyenyolewa. Akatoka.

Hapo ndipo nyumba iliponyamaza.

Kwanza hawakuona. Vidonge vilifanya kazi peke yavyo, losheni haikuhitajika tena, basi vyombo vikishaoshwa hapakuwa na wa kuitwa. Mwalimu alikaa mbele ya televisheni na miguu juu ya kiti. Bwana Pasi alikaa mezani. Hawakugombana, wala hawakununiana. Waliulizana maji yapo, mlango umefungwa, kesho unaamka saa ngapi, na mkewe akaenda kulala mapema. Stuli ilipelekwa stoo. Bwana Pasi alikuwa amedhani miaka yote kwamba ule ubaridi ndani yake ni sehemu ya ugonjwa na utaondoka nao. Ugonjwa ulifunga mizigo ukaenda, ubaridi ukabaki, umejinyoosha kama mgeni aliyekizoea kiti.

Jioni moja, miezi ikiwa imepita, alikuwa anamenya chungwa. Televisheni ilikuwa inatangaza sabuni. Ghafla ikamjia kwamba kuna jambo asilolijua, na kwamba kutolijua kunamkera, na hakuwa amekerwa na kitu kwa muda mrefu.

"Yule Kimya," alisema, "alikuja kusema?"

Mwalimu akageuka. "Nani?"

"Kimya. Mtoto wa darasani kwako. Aliyekuwa hasemi."

Mkewe akashusha sauti ya televisheni. "Wewe unamjuaje Kimya?"

"Si ulikuwa unanisimulia?"

"Ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Miaka yote ile hukuwahi kusema hata kitu. Mm, mm, kama mbuzi. Nilijua naongea na ukuta."

"Nilikuwa nimeinamisha kichwa," Bwana Pasi alijitetea.

Mwalimu akaanza kucheka, kisha kicheko kikamwendea kombo, akajifuta macho kwa pindo la kanga. Akasema hakuwa anasimulia ili asikilizwe, kwa kweli. Alikuwa anasimulia ili asinyamaze. Kila akigawa zile nywele na kuona kilichokuwa chini, aliogopa, na alijua akinyamaza atalia, na akilia naye mumewe ataanza kumbembeleza kwa sauti ile ya kuombea chumvi, na hilo asingeliweza. Basi akasema yoyote yaliyomjia.

"Alisema?" Bwana Pasi akauliza tena.

"Alisema. Kwenye kunywa maji. Meno alimchukulia kikombe chake chekundu, mtoto akasimama, akasema, hicho changu. Wazi kabisa. Darasa zima tuliduwaa. Meno mwenyewe alikirudisha." Akajifuta tena macho. "Ilikuwa wiki uliyoanza vidonge. Ulikuwa unatapika, sikukusimulia. Sasa yuko shule ya msingi. Nasikia anafukuzwa darasani kwa kupiga domo."

Bwana Pasi akaweka kisu chini. Kitu kilimpata, kidogo tu, mahali fulani chini ya mbavu. Unajua mguu ukilala ganzi na kuanza kuamka. Si raha, ni vichomo, na unatamani ulale tena. Ilikuwa hivyo, kisha ikapita. Akampa mkewe nusu ya chungwa.

"Na pacha?" akauliza.

Akasimuliwa pacha. Akasimuliwa na wengine ambao hakuwajua, waliokuja baada ya kichwa kupona, na mara mojamoja aliuliza swali, kwa shida, kama anayejifunza lugha ukubwani. Si kwamba kila kitu kilibadilika. Ziko jioni nyingi walizokaa kimya kama zamani. Lakini televisheni haikurudi kwenye sauti yake ya kwanza.

Mwaka uliofuata vipimo vya damu vilionyesha ini limechoka kidogo, na daktari akasimamisha vidonge. Baka dogo likarudi nyuma ya sikio, ukubwa wa punje ya maharage. Bwana Pasi alilipapasa asubuhi kazini, akamaliza mabega ya koti alilokuwa nalo, na jioni akamwambia mkewe kabla hajavua viatu. Mwalimu akalitazama, akasema ni dogo, losheni inatosha. Ilitosha. Lilikaa palepale, wiki nyingine linainuka, wiki nyingine linalala, na wakaacha kulihesabu kama habari.

Daktari akamwambia pia atembee, apunguze mwili, itamsaidia. Mwalimu akasema mumewe hatatembea peke yake, atajificha kwenye kibaraza cha mtu. Basi siku za jioni zisizo na mvua wanatoka wote wawili, wanafuata barabara ya maduka mpaka mwisho wa taa, wanageuka. Mkewe anaongea sehemu kubwa ya njia. Yeye anavaa kofia kama kuna jua na anaivua kama hakuna.

Juzi walisimama kwenye duka la viatu kwa sababu Mwalimu alitaka vya kazini, vyepesi, vya kukimbizana na watoto. Akajaribu jozi ya kahawia. Bwana Pasi alimshikia mkoba.

"Unavionaje?"

"Sijui. Tembea kidogo."

Akatembea mpaka mlangoni na kurudi, anatazama miguu yake. Muuzaji akasema ngozi itaachia ikizoea.

"Vinabana," alisema Bwana Pasi.

"Wewe umejuaje?"

"Umekunja uso."

Mwalimu akavivua, wakamshukuru muuzaji, wakatoka kujaribu duka la mbele.